Mjukuu wa Bilioni Sita

Ijumaa, 1 Oktoba 1999

Mvua asubuhi. Wateja wawili. Mmoja ameondoka na nusu ya kichwa.

Niandike vizuri, nisije nikasoma hapa siku moja nisielewe. Andongwisye alikuwa kwenye kiti, nimeshamnyoa upande wa kushoto. Ng'ambo ya barabara Khalidi akawasha televisheni. Andongwisye akasema anakwenda kuchungulia kidogo. Akaondoka na shuka langu shingoni! Aliporudi mchana alikuwa amekuja kurudisha shuka tu. Upande wa kulia, alisema, unaweza kungoja.

Khalidi ameweka dishi juu ya paa la duka lake tangu mwezi wa saba. Kabla ya dishi, wanaume wote wa huu mtaa wetu wa Bagamoyo, hapa Tukuyu, walikaa kwenye benchi langu. Nilikuwa na redio, na ninao ubao. Kila asubuhi naandika kwa chaki: LEO DUNIANI. Leo nimeandika: China yatimiza miaka hamsini ya Jamhuri ya Watu. Chini yake kuna sehemu ya pili: WALIOZALIWA LEO. Hapo ni patupu. Nilidhani wateja wangependa kusoma majina yao, lakini wazee wa huku hawajui tarehe zao. Mmoja alizaliwa mwaka wa nzige, mwingine mama yake akitoka kuvuna ulezi. Waliosoma wote wamezaliwa Januari mosi. Mwaka huu siku hiyo nilijaza ubao mpaka ukingoni, na wote wakataka kunyolewa bure.

Tupokigwe, marehemu mke wangu, naye hakuwa na tarehe. Nilitaka kumchagulia moja, akasema siku ya kuzaliwa ni ya watu wasio na shamba la kupalilia.

Jioni redio imesema jambo. Umoja wa Mataifa umepiga hesabu: tarehe kumi na mbili mwezi huu watu duniani watatimia bilioni sita. Maana yake siku hiyo atazaliwa mtu wa bilioni sita. Jina lake litasomwa dunia nzima.

Sijalala bado. Nafikiri.

Jumapili, 3 Oktoba

Kanisani tumemwombea Mwalimu, amelazwa London. Mchungaji aliomba kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa na ombi langu pembeni, naona aibu kulitaja hapa.

Basi nalitaja. Mkamwana wangu, Tulia, mke wa mwanangu Alinanuswe, ni mjamzito. Nilitaka kujua anajifungua lini. Lakini nitamuuliza nani? Kwetu baba mkwe na mkamwana hawaonani. Akinisikia nakohoa anaingia migombani. Nikiona kanga yake nageukia upande wa pili. Jina langu halitamki. Vijana wa mjini wameanza kulegeza, lakini Tulia alilelewa na bibi yake kule Isongole na anaushika mwiko huo kama anavyoshika Biblia. Ni mwaka wa tatu wa ndoa yao na bado namjua kwa mgongo tu. Ana mgongo wa mtu mpole.

Na habari za tumbo la mkamwana si za baba mkwe kuuliza. Kwa hiyo baada ya ibada nilimfuata shemeji Anyosisye, mdogo wake marehemu mke wangu, ambaye anakaa na Tulia siku hizi kumsaidia. Nilimuuliza viazi vya Alinanuswe vitakomaa lini. Akasema Alinanuswe hakupanda viazi mwaka huu. Nikasema najua. Akauliza basi naulizia nini. Nikasema nauliza tu, kama angepanda. Mwishowe akasema kwamba viazi hivyo ambavyo havikupandwa vitakomaa katikati ya mwezi, na kwamba mtu mzima wa umri wangu angejishughulisha na nywele za watu.

Katikati ya mwezi! Kumi na mbili ni katikati ya mwezi kabisa.

Jumatano, 6 Oktoba

Ubao umefanya kazi. Niliandika: TAREHE 12 ANAZALIWA MTU WA BILIONI SITA. WAPI? Hadi saa nne benchi lilikuwa limejaa. Andongwisye, ambaye bado ana nywele upande mmoja, aliuliza nani aliyewahesabu watu wa Isongole, maana yeye ana shamba kule na hajaona mtu akihesabu. Mwingine akasema wanahesabu kwa ndege. Khalidi mwenyewe alivuka barabara kuja kusoma. Akaniambia kwa heshima kwamba hata kwenye televisheni wamelitaja jambo hilo. Nikamwambia sisi huku tulilitaja mapema zaidi.

Nimekwenda posta kumpigia simu mwandishi wa gazeti aliyeko Mbeya. Aliwahi kunyolewa kwangu. Alisema akizaliwa mtoto Tukuyu tarehe kumi na mbili, hospitali, muuguzi akathibitisha, atakuja na kamera na habari ataipeleka mpaka redioni. Nilimtajia jina herufi kwa herufi, ili asikosee. Tupokigwe.

Maana Alinanuswe alishaniahidi. Mtoto akiwa wa kike atapewa jina la bibi yake. Akiwa wa kiume? Sikufikiria huko.

Hili ndilo jambo lenyewe. Tupokigwe alifariki mwaka jana, mwanzoni mwa Agosti. Nilipeleka tangazo la kifo redioni, ndugu wa mbali wasikie. Lilipangiwa Ijumaa. Tuliweka redio mlangoni, shemeji akanyamazisha watu wote waliokuja kwenye msiba. Ijumaa ile ndipo mabomu yalipolipuka Dar es Salaam na Nairobi. Redio ilikuwa na wafu wengine. Tangazo letu halikusomwa siku ile, wala kesho yake, wala baadaye. Simlaumu mtu. Lakini tulikaa pale mlangoni mpaka betri zikaisha, na jina lake halikutoka.

Tangu hapo ndipo nilipoanza kuandika ubao.

Jumamosi, 9 Oktoba

Hatari. Shemeji amemwambia jirani, nami nilikuwa nyuma ya ukuta, kwamba tumbo la Tulia limeshuka. Asije akawahi!

Nimechukua hatua. Nimempelekea kuni, nimezipanga nyuma ya nyumba yao wakati hayupo, asibebe. Nimechota maji, mapipa yote. Nimeipalilia bustani yao ya maharage kabla hawajaamka. Asiinue kitu, asiiname, asisogee. Atulie mpaka Jumanne.

Jioni Alinanuswe amekuja, akasimama mlangoni akikunja kofia yake. Akasema Tulia alilia alipoona zile kuni. Tulia alimwambia yeye kwamba hakuwahi kuwa na baba, na sasa anaye. Amenipikia ndizi, zimekuja kwa mkono wa shemeji, zimefunikwa kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe.

Niliona aibu. Nilikula zote.

Jumatatu, 11 Oktoba

Nimefunga mlango.

Asubuhi shemeji alipita dukani akasema Tulia ameanza uchungu, na kwamba jua likipungua ukali watateremka kwenda hospitali. Leo! Kumi na moja!

Nilipiga hesabu. Mtoto wa kwanza hana haraka. Tupokigwe alihangaika siku mbili kumpata Alinanuswe. Tulia akichelewa kidogo kutoka nyumbani, akafika hospitali jioni, mambo yatafika alfajiri, na alfajiri ni tarehe kumi na mbili. Kilichotakiwa ni kuchelewa kidogo tu. Ndivyo nilivyojiambia.

Njia ya kutoka kwao inashuka katikati ya migomba, inapinda penye mparachichi, halafu inatokea barabarani. Nilichukua kigoda, mwavuli na redio, nikakaa penye kona. Sikumzuia mtu. Nilikaa tu. Mtu anaruhusiwa kukaa.

Walikuja. Shemeji mbele, Tulia nyuma yake amemshika mabega. Waliponiona wakasimama. Tulia akageuka akaitazama migomba. Hawezi kunipita, na mimi nalijua hilo kuliko mtu yeyote. Shemeji akaita kwa mbali, kwa adabu, kwamba niwapishe. Nilisikia. Nikainamisha mwavuli. Akaita tena, sasa bila adabu. Nikafumba macho. Nikajifanya nimesinzia.

Nikakoroma.

Niliweka kalamu chini hapa, nikazunguka chumba. Nimerudi. Ni kweli, nilikoroma.

Nilipofumbua macho hawakuwepo. Nikadhani wamerudi nyumbani kungoja. Nikafurahi! Nikafungulia redio taratibu. Baada ya muda nikasikia makelele upande wa kwa Khalidi, watu wakishangilia. Mchana kwake walikuwa wakitazama marudio ya ule mchezo wa wazungu wa raga, wa kugombania mpira wenye umbo la yai. Nikasema moyoni, wanalishangilia yai.

Halikuwa yai. Kutoka migombani kuna kichochoro kinachotokea uani kwa Khalidi. Shemeji alimpitisha Tulia huko, wazunguke kona yangu. Walipofika uani Tulia hakuweza hatua nyingine. Mke wa Khalidi, Hajira, mama wa watoto sita, alimpokea kwa mikono miwili, akamlaza kitandani kwake, akamwambia mumewe awatoe wanaume wote. Khalidi alizima televisheni. Ni mara ya kwanza tangu mwezi wa saba. Wanaume walisimama barabarani kimya, Andongwisye na kichwa chake, mpaka mtoto alipolia. Ndipo wakashangilia.

Msichana. Mama na mtoto wazima.

Mimi nilipata habari wa mwisho, kutoka kwa mtu aliyedhani najua.

Alinanuswe amepita sasa hivi. Hakukaa. Aliuliza kama ni kweli nilikuwa nimelala pale njiani. Nikasema jua lilinichosha.

"Baba," akasema, "mama mdogo anauliza, mtu aliyelala anashikaje mwavuli?"

Nimeusogeza mwavuli nyuma ya mlango.

Jumanne, 12 Oktoba

Redio imesema mtu wa bilioni sita amezaliwa Sarajevo, Bosnia. Wa kiume. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa amempakata mwenyewe.

Mwandishi amekuja kutoka Mbeya. Nilikuwa nimesahau kumpigia asije. Nilimweleza kwamba mtoto amewahi kidogo. Alinyolewa, hakulipa, akavuka barabara, akapiga picha ya dishi.

Nilikwenda nyumbani kwa mwanangu kumwona mtoto, kwa maana ya kusimama mbali na kuangalia mlango. Shemeji alitoka. Nikauliza Tupokigwe anaendeleaje. Akasema hakuna Tupokigwe humo ndani. Tulia amempa mtoto jina la yule aliyempokea. Anaitwa Hajira.

Nikasema Alinanuswe aliahidi.

"Jina la dada yangu umelikalia njiani," shemeji akasema, "na kulikoromea."

Akaingia ndani. Nilibaki nikiangalia kuni nilizozipanga. Nilizipanga vizuri.

Jumatano, 13 Oktoba

Sikufungua. Wakristo wenzangu wananiuliza inakuwaje nina mjukuu anayeitwa Hajira. Waislamu wananipa pongezi. Hao ndio wanaoniumiza zaidi, maana wanazitoa kwa moyo.

Alhamisi, 14 Oktoba

Mwalimu amefariki.

Rais ametangaza redioni asubuhi, sauti yake ikikwama. Nilikuwa na wembe mkononi. Niliuweka chini. Mteja alibaki na sabuni kidevuni, mimi na yeye tukiangalia redio kama vile inatuangalia.

Dishi la Khalidi linaleta stesheni za ng'ambo. Alizizungusha zote akitafuta habari zetu, akapata mpishi anakata vitunguu na mtu anauza viatu. Watu wakaanza kuvuka barabara. Wakaja kwangu. Mmoja mmoja, halafu kumi, halafu sikuona mwisho wao. Wanawake na watoto mgongoni, wachuuzi wa ndizi na mikungu yao kichwani. Khalidi na Hajira nao walikuja, wakasimama nyuma kwa heshima. Nilitoa redio nje nikaiweka juu ya kiti cha kunyolea. Ilipiga nyimbo za maombolezo, na katikati ya nyimbo jina la Mwalimu, tena na tena.

Wengi walilia. Mimi nililia. Na katika kulia niliwatazama wale watu wote mbele ya duka langu, nikafurahi. Nilitaka watu, watu wamekuja. Halafu nikaona nimefurahi, nikaenda nyuma ya duka nikakaa na mafagio.

Nilifikiria pia kwamba leo, mahali fulani, kuna mtu alikuwa amepangiwa tangazo lake lisomwe.

Ubao nimeufuta wote. Hakuna cha kuandika ambacho hawajui.

Jumamosi, 23 Oktoba

Leo amezikwa Butiama. Watu wamejaa tena kusikiliza redio. Nimemnyoa Andongwisye upande wa kulia. Alisema si vizuri kumwomboleza Mwalimu na kichwa cha namna ile. Kumbe nywele za upande wa kushoto zimeshaota, kwa hiyo bado hazilingani. Sikumwambia.

Sasa niandike lililotokea mchana. Nilikuwa ndani, peke yangu, wengine wote nje. Nyuma ya duka, ng'ambo ya ukuta wa mbao, nilisikia mtoto akipiga chafya. Chafya ndogo. Kisha sauti ya shemeji, kisha sauti nyingine nisiyoijua. Mara nikatambua kwamba siijui kwa sababu sijawahi kuisikia. Alikuwa Tulia. Alikuwa ameupa ukuta mgongo, niliona rangi ya kanga kati ya mbao.

Hakusema na mimi. Alisema na shemeji, mimi nasikia.

"Mama, mwambie baba kuni zake bado zipo. Tunazitumia."

Shemeji akasogeza mdomo kwenye mbao za ukuta akarudia, neno kwa neno, kama ninakaa Mbeya. Nikamwambia shemeji amwambie asante. Shemeji akageuka, akamwambia aliyekuwa bega kwa bega naye kwamba nimesema asante.

"Mwambie jina la mama marehemu sijalitupa. Nimeliweka. Mtoto wa pili atalipata."

Shemeji akarudia. Nilishika ukuta.

"Lakini mwambie," Tulia akasema, na hapa sauti ilitetemeka kidogo, "siku hiyo akae nyumbani kwake. Akionekana njiani, popote, kwa ajili ya mtoto yeyote, jina hilo nitampa mbuzi."

Shemeji alirudia hilo la mbuzi mara mbili. Nadhani alilipenda.

Nikasema nitakaa nyumbani. Niliapa. Nilisema mimi na njia tumeachana kabisa. Walipoondoka niliweka jicho penye ufa wa mbao. Mgongo wa Tulia ukienda zake, na juu yake kichwa kidogo, kimefunikwa kofia ya sufu. Sikuona uso. Lakini ni kichwa chenye umbo zuri. Nakwambia kama kinyozi.

Nilifunga mapema. Nyumbani nililitamka jina la Tupokigwe kwa sauti, mara moja, kama watangazaji wanavyotamka. Lilisikika vizuri.

Jumapili, 31 Oktoba

Mwezi unakwisha. Umekuwa mwezi mzito. China hamsini, Pakistani wanajeshi wamechukua serikali, Sarajevo, Mwalimu, India kimbunga. Na Hajira wetu, tarehe kumi na moja. Nimemwandika kwenye ubao, WALIOZALIWA MWEZI HUU, peke yake. Khalidi alivuka barabara kuja kusoma, akafuta jicho.

Nimejirekebisha. Nakaa nyumbani. Nimekaa siku nane.

Redio ya jioni imeeleza habari za mwaka elfu mbili. Wanasema dunia nzima inangoja mtoto wa kwanza wa karne mpya, na magazeti ya kila nchi yatamtafuta wa kwake. Hilo halinihusu. Tulia ana mtoto mchanga.

Ila Khalidi amenyolewa leo, na katika mazungumzo ametaja kwamba binti yao Shadya, aliyeolewa Ibighi, atajifungua mwisho wa Desemba au mwanzo wa Januari.

Nilimaliza kwanza kisogo. Kisha nikasema, kwa adabu kabisa, kwamba familia yangu imechukua jina kutoka kwake, na kwamba kati ya majirani si vibaya jina moja kurudi upande wa pili. Nikamweleza maana ya Tupokigwe ni "tumeokolewa", jambo ambalo halina dini. Khalidi alicheka mpaka ikabidi niondoe wembe. Sikumsikia akikataa.

Tulia alisema mtoto yeyote. Lakini nadhani alimaanisha wa ukoo. Mtu akiwa na hasira hutaja vitu vingi. Na Shadya si mkamwana wangu, hana mwiko na mimi. Anaweza kunipita hata mara kumi kwa siku. Kwa hiyo siwezi kumzuia, na kama siwezi kumzuia, sikai njiani kwa ubaya. Nitakaa tu, nijue saa.

Jioni nilitoka kunyoosha miguu, nikajikuta Ibighi. Nyumba ya Shadya ina njia moja ya kwenda barabarani. Katikati kuna kona, ina kivuli, na jiwe la kukalia.